Kasha la Grisi Juu ya Kagera

Kivukoni kwetu mtu hakusikii ila ukimsemea sikioni. Maporomoko yako karibu sana na gati, na mto Kagera ukishuka pale kwenye mawe hunguruma mchana kutwa, masika na kiangazi. Kelele hiyo ndiyo iliyonipatia kazi. Nilikuwa nimerudi kutoka vitani Bama, kule Asia, ambako nilifundishwa kupashana habari kwa bendera, na kampuni iliyokuwa ikichimba madini ya bati katika vilima vya Kyerwa ilitaka mtu wa kusimama juu ya jiwe na kuwaonyesha watu wa pantoni la kufanya.

Aliyenipeleka pale ni mume wa shangazi yangu. Alikuwa mtu wa Kimuli, mfupi, mwenye mzaha, na kazi yake ilikuwa kupaka grisi. Kila kilichozunguka pale kivukoni kilikuwa chake: makapi, yale magurudumu ya kupitishia waya, winchi, na waya mnene uliovuka mto kutoka nguzo ya ng'ambo yetu hadi nguzo ya ng'ambo ya Uganda. Pantoni ilining'inia kwenye waya huo kwa makapi mawili makubwa, la sivyo mto ungeichukua. Nguo zake zilinuka grisi, na shangazi alisema hata ndizi anazomenya yeye zinanuka grisi. Alinitambulisha kwa bwana wa pantoni kwa kusema, "Huyu ni mtoto wangu, ana macho mazuri," na bwana akanitazama macho kama anayenunua ng'ombe.

Bwana alikuwa Mzungu aliyefanya kazi miaka mingi katika meli za baharini kabla ya kuletwa kwetu bara. Pantoni yetu ilikuwa mbao zilizopigiliwa juu ya mashua za chuma, lakini yeye aliiita meli, basi na sisi tukaiita meli. Hakuwa mtu wa kufoka. Sijawahi kumwona akimpiga mtu. Alisema Kiswahili cha amri, maneno machache, tena kwa upole, na kila alipomaliza kukuamuru alisema "tafadhali".

Kazi ilipangwa hivi. Winchi ilikuwa juu ya ukingo, ndani ya banda, chini ya mnyapara mmoja kutoka Muleba, Mlutheri, mtu wa kusali sana. Kutoka bandani hawakuweza kuiona pantoni ikifika kwenye gati, kwa sababu ukingo uliwaziba. Waliokuwa ndani ya pantoni, wenye kamba na pondo za kusukumia, hawakuweza kuiona winchi. Mimi nilisimama katikati, juu ya jiwe, ambapo pande zote mbili ziliniona. Bendera nyeupe, vuta. Nyekundu, simama. Zote mbili kwa pamoja, legeza. Kuipanga pantoni ikae sawasawa na gati wakati wa maji mengi ni kazi ya subira, kwa maana ikipita kidogo gurudumu la lori linaingia mtoni, na ikipungukiwa kidogo ni hivyohivyo. Bwana alitufundisha jambo moja kila asubuhi hata tukalikariri kama sala. Mtu akiwa kazini asimtazame mwenye bendera usoni, wala asifikiri. Aitazame bendera tu.

Na kulikuwa na kasha.

Lilikuwa kasha la mbao, lenye ukubwa wa kumtosha mtu mmoja akikaa amekunja magoti, na lilitembea juu ya waya uleule kwa kapi lake dogo. Mume wa shangazi aliingia humo na ndoo yake ya grisi, akavutwa kwa kamba nyembamba hadi katikati ya mto, akipaka na kuukagua waya. Hiyo ilikuwa kazi halali. Lakini bwana aligundua kwamba kasha linafaa kwa jambo lingine. Mtu akichelewa, au akijibu vibaya, au akionekana kuchoka, bwana alimwambia kwa upole, "Waya inataka macho. Nenda ukaitazame, tafadhali." Hapo ungepandishwa kasha, ukavutwa hadi katikati, na ungeachwa huko. Jua juu, maji chini, na viboko wamelala kwenye matete wakikutazama. Bwana alikula chakula chake cha mchana kivulini huku akikuona. Ungeweza kulia, kuomba, kutukana, hakuna aliyekusikia. Baadaye angeniashiria kwa kidole, nami ningeinua bendera, na wenzako ambao ndio waliokuvuta kwenda ndio waliokuvuta kurudi. Ukishuka alikuuliza, "Waya iko namna gani?" nawe ilikupasa ujibu, "Nzuri, bwana."

Sisi wenyewe tulizoea. Nasema hivi kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mwenzetu akiwa juu ndani ya kasha, wengine walimcheka. Walimwonyesha vidole, walishika matumbo kama watu wanaoendesha, maana wengi waliharisha humo kwa hofu. Mume wa shangazi ndiye aliyecheka kuliko wote, kwa sababu yeye kasha halikumtisha, alikuwa amelizoea kama wengine walivyozoea kiti.

Waya ulikuwa umechakaa. Jambo hili lilijulikana kwa wote. Bwana mwenyewe alipanda ngazi ya nguzo na kuona nyuzi zilizokatika zikitoka nje kama miiba, na aliagiza waya mpya. Waya mpya ukawa umekwama njiani, Bukoba au kwingine, na machimbo hayakutaka kusimama. Basi tukaendelea. Mume wa shangazi alifunga nyuzi zilizokatika kwa waya mwembamba, akapaka grisi juu yake, nasi tukavusha malori.

Siku ninayoieleza ilikuwa ya masika, mto umejaa na una rangi ya udongo. Machimbo walikuwa wanapeleka injini kubwa ng'ambo ya Uganda kutengenezwa. Ilikuwa imepakiwa kwenye tela, na lori moja mbele halikutosha, wakaongeza watu wa kusukuma. Bwana alikuwa na wasiwasi tangu alfajiri, na wasiwasi wake ulimfanya awe mpole zaidi. Wakati anatupanga, mume wa shangazi alimnong'oneza jirani yake neno fulani, jirani akacheka. Sikulisikia neno lenyewe. Bwana naye hakulisikia, lakini aliona kicheko.

"Wewe," akamwambia mume wa shangazi, "waya inataka macho leo. Tafadhali."

Akaingia kwenye kasha na ndoo yake, bado anatabasamu, akavutwa hadi katikati. Kisha tukaanza kuipanga pantoni kwenye gati.

Ilikuwa shida. Mto uliisukuma chini kwa nguvu, na kila winchi ilipoivuta kurudi juu, uzito wote uliangukia ule waya. Mnyapara alitoka bandani, akaja hadi kwa bwana na kofia mkononi. Nilikuwa karibu nao, niliwasikia kwa sababu walilazimika kupigiana kelele, midomo ikigusa masikio.

"Bwana, tumrudishe kwanza yule wa kasha."

"Kwa nini?"

"Waya unabeba mzigo mkubwa, bwana. Hatutachelewa, tunamvuta mpaka kwenye pantoni anashuka."

Bwana aliutazama mto. Kisha akasema, "Hapana. Akae pale pale. Nyuzi zikikatika yeye ataona mapema kuliko sisi. Mwambie akiona uzi umekatika ainue mkono." Akanigeukia. "Wewe umtazame."

Mnyapara akarudi kwenye winchi yake. Nikampa mume wa shangazi ishara kwa mikono, mkono juu akiona waya unakatika, naye akanielewa, akainua mkono kujaribu, akaushusha.

Magurudumu ya mbele ya tela yalikuwa yameingia kwenye pantoni, ya nyuma yako kwenye gati, pale mume wa shangazi alipoinua mkono. Hakuwa anatabasamu tena. Niliinua nyekundu. Winchi ikasimama. Mto ukaanza kuiburuta pantoni polepole, na mbao za gati zikalia.

Bwana alikuja kwangu bila kukimbia. "Nani amesema simama?"

"Ameinua mkono, bwana."

"Nimemwona. Nani amesema simama?"

Alizichukua bendera zote mbili mikononi mwangu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaiweka nyekundu chini ya kiatu chake, akainua nyeupe.

Winchi ikavuta.

Waya haukukatika wote. Lilikatika fungu moja la nyuzi, na zile nyuzi zikafumuka kwa ghafla, waya ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa. Kasha lilirushwa juu, likaanguka, likaanza kuteleza kuelekea pale waya ulipolegea. Yeye alishika alichoweza kushika. Alishika waya, mbele ya kapi, na kapi likampanda mkono.

Hapo kasha likasimama. Mkono wake ulikuwa umelizuia, ukiwa kati ya gurudumu la kapi na waya. Ndoo ya grisi ilianguka mtoni. Yeye alikuwa nusu ndani ya kasha, nusu nje, na tuliuona mdomo wake uko wazi kabisa. Sauti haikutufikia. Watu wa pantoni walikuwa wanamwona, wanaume wazima, na wote wakanitazama mimi juu ya jiwe. Mikono yangu ilikuwa mitupu.

Bwana aliendelea kushika nyeupe.

Akaniambia sikioni, taratibu kabisa, "Tukilegeza sasa, injini inaingia mtoni, na watu wanaosukuma wanaingia nayo. Tunamaliza kwanza."

Huenda ilikuwa kweli. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na bado sijui. Ninachojua ni kwamba injini ilipoingia yote, na tela likapigwa kabari, hakuwa na sababu tena. Lakini alishuka akakagua kabari moja moja. Akarudia kufunga fundo ambalo halikumpendeza. Akawasha kiko chake, kikazimika kwa manyunyu ya maporomoko, akakiwasha tena. Ndipo aliponirudishia bendera zangu, akasema, "Sasa legeza. Tafadhali."

Waya ulipolegezwa kasha lilishuka hadi karibu na maji, na mtumbwi ukaenda. Walilazimika kulifungua kapi kwa spana wakiwa wamesimama mtumbwini, na mtumbwi unachezacheza. Walipomfikisha gatini alikuwa ameacha kupiga kelele. Alinitazama akasema jambo moja tu, kwa Kinyambo, kwamba ana kiu.

Katika zahanati ya machimbo walimkata mkono juu kidogo ya kifundo cha mkono. Wa kulia. Shangazi alikuja kutoka Kimuli kwa miguu, akaingia, akainua shuka, akatazama, akarudisha shuka. Hakulia. Alinifuata nje akaniuliza, "Nani alikuwa ameshika bendera?" Nikamweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Akasikiliza mpaka mwisho, akanishukuru.

Habari ilienea kupitia madereva wa malori, na haikuchukua muda bwana shauri, mkuu wa wilaya wa serikali, akaja kuuliza. Alikaa kwenye kiti ndani ya banda la winchi, na sisi tukasimama mbele yake. Bwana wa pantoni aliketi pembeni, miguu ameinyoosha. Mkalimani alikuwa karani kutoka Bukoba, kijana nadhifu aliyekuwa akifunika pua kwa leso kwa sababu ya harufu ya grisi.

Mimi niliulizwa kwanza. Nikasema mkono uliinuliwa, nikainua nyekundu, bendera zikachukuliwa mikononi mwangu. Karani alitafsiri. Bwana wa pantoni hakukunja hata uso.

Akaulizwa mnyapara. Yule mtu alikuwa amenishika bega asubuhi ile akaniambia atasimama upande wangu. Akasema, "Nyekundu niliiona, bwana, nikasimamisha. Kisha nyeupe, nikavuta."

"Nani aliinua nyeupe?"

"Mimi naangalia bendera, bwana. Siangalii aliyeishika."

"Hukuona kama ni mkono wa Mzungu au wa Mwafrika?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, bwana. Tunaangalia bendera tu."

Watu wa pantoni nao walisema hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, wakitazama sakafu.

Kisha akaletwa mume wa shangazi. Alikuwa amekonda, amevaa shati jeupe ambalo sikulijua, na mkono uliokatwa umefungwa kitambaa safi. Nilifarijika kumwona. Nilijua kwamba sasa kweli itasemwa, maana nani mwingine aliona vizuri kama yeye, aliyekuwa juu akitutazama sote?

Akaulizwa nini kilitokea.

"Nilikuwa nimelewa pombe ya rubisi," akasema. "Niliweka mkono vibaya. Nikainua mkono mwingine kuomba kazi isimame."

"Na ishara ya kuvuta ilitoka kwa nani?"

Alininyooshea mkono, ule uliobaki. "Ni huyu. Aliinua nyekundu, halafu akaogopa, akainua nyeupe. Bado kijana. Hana kosa kubwa."

Nilicheka. Sikukusudia, kilinitoka tu, na bwana shauri akaandikiwa na karani kwamba nimecheka.

Nilipelekwa kwenye baraza la wenyeji, nikaonekana na hatia. Nilipigwa viboko hadharani, siku ya soko, nimelazwa kifudifudi juu ya mfuko wa kahawa ili nisichafuke. Mtu aliyekuwa akipiga tulijuana, alinong'ona "pole" kabla hajaanza, kisha akapiga kwa nguvu zake zote kwa sababu alikuwa anatazamwa. Baadaye nikafungwa, nikafyeka majani kando ya barabara pamoja na wafungwa wengine mpaka masika mengine yalipoanza. Malori ya kampuni yalipita, na madereva walionijua walipunguza mwendo wakanirushia maganda ya miwa. Sina hakika kama walikuwa wananitania au wananidharau. Huko barabarani mambo hayo mawili yalifanana.

Nilipotoka nilikwenda kwa mama, kijijini Nyakakika, nikalala siku kadhaa. Kisha nikaenda Kimuli.

Nilimkuta mume wa shangazi amekaa kwenye kigogo mbele ya nyumba, ndani ya kibanja, migomba imemzunguka. Shangazi alikuwa jikoni. Kando yake kulikuwa na bendera mbili nilizozifahamu. Nyeupe ilikuwa na fimbo ya kawaida. Nyekundu ilikuwa imeshonewa mkanda wa ngozi, ili ifungwe kwenye mkono uliokatika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa."

Nikakaa. Shangazi akatoka na sahani ya ndizi na maharage, akaiweka mbele yake, akaanza kumpondea ndizi kwa kijiko kama anavyopondewa mtoto. Mimi akaniletea yangu. Mzee alipomaliza kula akasema, "Unataka kuniuliza."

"Ndiyo."

"Uliza."

Nikasema, "Kwa nini hukusema umelewa ukaishia hapo? Kwa nini uliniweka na mimi?"

"Bwana alisema ulevi peke yake hautoshi. Mkono ulikuwa umeinuliwa, na watu waliuona. Lazima awepo aliyeuona akakosea." Alifuta mdomo kwa bega. "Akasema atakayepatikana na kosa, nafasi yake itabaki wazi. Na mwenye mkono mmoja anaweza kushika bendera."

"Ungeweza kumtaja mnyapara."

"Mnyapara ana ndugu zake kanisani, wangemtetea. Wewe nani angekutetea? Mimi." Alisema hivyo bila dhihaka, kama mtu anayepanga mzigo kwenye lori.

Nikamgeukia shangazi. Yeye ni damu ya baba yangu, aliyenibeba mgongoni. Nikamwambia, "Shangazi, wewe nilikueleza yote."

"Ulinieleza," akasema. "Ndipo nikajua kwamba hakuna mwingine aliyekuwa karibu na bendera. Ni mimi niliyemwambia aseme hivyo. Yeye alikataa siku mbili." Akachukua sahani ya mumewe. "Wewe umefika Bama, unajua kusoma, mikono yako yote ipo. Huyu nani angempa kazi? Niambie."

Hakukuwa na hasira usoni kwake wala aibu. Alikuwa amechoka tu, na alitaka niondoke kabla watoto hawajarudi kutoka shule. Nilipoaga alikwenda nyuma ya nyumba akakata mkungu wa ndizi, akanitwisha. "Mpelekee mama yako." Makovu ya viboko yalikuwa bado yanauma, na mkungu ulinichoma mabega njia nzima. Sikuutupa. Mama aliupika, akauliza hali zao, nikamwambia ni wazima.

Waya mpya ulifika mwaka uleule. Mimi nikajishughulisha na kahawa, nikinunua kwa watu wa Rugera na vijiji jirani na kuivusha kwenda Uganda, kwa hiyo nililazimika kupita pale mara kwa mara. Mume wa shangazi alikuwa juu ya jiwe langu. Alifanya kazi vizuri, naweza kushuhudia. Hakuwahi kunisalimu hadharani. Kasha lilikuwapo bado, na siku moja nilipokuwa nasubiri kuvuka, kulikuwa na mtu ndani yake katikati ya mto, jua kali, na watu wa pantoni walikuwa wanamcheka. Mume wa shangazi alikuwa amekaa juu ya jiwe akila karanga, akingoja kidole cha bwana.

Siku bwana alipoondoka kwenda kwao kupumzika uzee wake, ilitokea kwamba nilikuwa kwenye foleni. Walimwimbia. Mnyapara aliongoza sala. Watu wa pantoni walimpa zawadi ya kuku na kibuyu kilichonakshiwa, na wengine walilia machozi ya kweli, niliyaona. Bwana alimpa kila mmoja mkono na kusema asante. Alipofika kwa mume wa shangazi alibadilisha mkono, akatoa wa kushoto, wakashikana muda mrefu, bwana akamwambia neno sikioni, naye akacheka kile kicheko chake cha zamani.

Kisha nyeupe ikainuliwa, pantoni ikaondoka na bwana, ikarudi bila yeye, na foleni ikasogea. Nikabeba gunia langu nikapanda.